Kabla Hujamwita Polisi, Mwalimu

Mwanafunzi akipatikana na msokoto wa bangi ndani ya sanduku lake bwenini, aitwe mzazi au aitwe polisi? Swali hili huzuka kila muhula katika shule za huku kwetu Thika na Ruiru, na nimewasikia walimu wengi wakilijibu upesi: aitwe polisi, ili awe funzo kwa wenzake. Nina shaka kama wote wanaojibu hivyo wamewahi kuisoma sheria wanayotaka itumike.

Sheria ya kudhibiti dawa za kulevya ilipitishwa mwaka wa 1994. Imeambatanishwa na orodha, na orodha hizo ndizo zinazoamua nani ni mhalifu. Katika ya kwanza, bangi imewekwa pamoja na heroini na kokeini. Aliyepatikana na bangi ya matumizi yake mwenyewe aliweza kufungwa hadi miaka 10. Marekebisho ya mwaka wa 2022 yalipunguza adhabu hiyo ikawa kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000.

Sasa tazama yasiyomo. Muguka unaopitia barabara yetu ukitoka Embu haumo. Miraa ni zao linalotambuliwa na serikali. Uingereza iliipiga marufuku mwaka wa 2014, na huko Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya. Kwa hivyo kijana anayetafuna upande wa Kenya pale Namanga ni mteja tu, na akivuka mpaka na fungu lake ni mshtakiwa. Gavana wa Mombasa alipoupiga muguka marufuku mwaka wa 2024, Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo. Nayo gundi ya fundi viatu, ambayo watoto wa mitaani huinusa mchana kweupe, haimo katika orodha yoyote.

Sisemi kwamba bangi ni mchicha. Mwalimu yeyote aliyemwona mwanafunzi hodari akizubaa darasani muhula mzima anajua gharama yake. Ninachosema ni kwamba orodha ya serikali haikutungwa kwa kupima madhara kwa mtoto wa miaka 15. Anayekesha akitafuna muguka hupewa onyo, na jirani yake mwenye msokoto hupelekwa kituoni.

Jambo la umri ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa uhalifu kutoka miaka 8 hadi 12. Aliye chini ya miaka 18 hufikishwa mbele ya mahakama ya watoto, wala hafungwi jela. Katiba ya 2010 nayo yasema mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zote zikishindikana, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo na mbali na watu wazima. Isitoshe, mtoto anayekubali kosa lake kwa hiari aweza kuondolewa katika mkondo wa mashtaka akapewa ushauri nasaha au kazi ya kuhudumia jamii.

Lakini kidato cha nne kimejaa vijana waliokwisha kutimiza miaka 18! Wawili wavutao msokoto mmoja nyuma ya maabara, mmoja wa miaka 17 na mwenzake aliyemzidi kwa miezi mitatu, huachana njia mara gari la polisi linapoingia langoni. Huyo mkubwa atasimama kizimbani pamoja na watu wazima, na baadaye akitaka kuwa mwalimu ataombwa cheti cha tabia njema.

Msomaji atakumbuka Agosti 2015, wanafunzi wapatao 45 walipokamatwa ndani ya basi lililokuwa likielekea Nairobi kutoka Karatina. Picha zao zilienea kote nchini kabla hakimu hajasikia lolote. Wengi wao walikuwa watoto kisheria.

Kwa hivyo namwomba mwalimu mkuu, kabla hajainua simu, autazame umri wa mwanafunzi katika rejista, amwite mzazi, kisha amtafute afisa wa watoto. Ikiwa lazima polisi waje, aulize waziwazi kama mtoto aweza kuondolewa katika mkondo wa mashtaka. Maafisa wengine hawatalitaja hadi waulizwe. Na kamati ya nidhamu inapoketi, imwulize kijana swali ambalo husahauliwa mno: nani aliyemuuzia, na mahali gani.