Kizibao Hakimfundishi Mbwa

Swali ambalo wakufunzi wa mbwa nchini Marekani wameulizwa hadi likachosha ni lile la cheti. Mtu ana mbwa wa kufuga nyumbani, ana ulemavu au maradhi ambayo mbwa huyo angeweza kumpunguzia taabu yake, naye anataka kujua ni ofisi gani itakayomsajili mbwa huyo kuwa mbwa msaidizi, ada yake ni kiasi gani, na kitambulisho kitafika kwa posta baada ya siku ngapi. Ofisi hiyo haipo wala haijapata kuwapo. Serikali ya shirikisho haina daftari la mbwa wasaidizi, haiwapi leseni, haiwatahini, wala haijamkasimu yeyote mamlaka ya kufanya hivyo kwa niaba yake. Kila tovuti inayojiita sajili ya taifa, hata ikijipamba kwa picha ya tai na mhuri wa dhahabu, inauza karatasi ambayo mnunuzi mwenyewe angeweza kuichapa nyumbani.

Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya 1990, pamoja na kanuni zake zilizorekebishwa na Wizara ya Sheria na kuanza kutumika Machi 15, 2011, inatazama mambo mawili tu: kwamba mtu ana ulemavu, yaani hali ya mwili au ya akili inayomzuia kwa kiasi kikubwa kutekeleza shughuli kuu za maisha, na kwamba mbwa amefundishwa kutenda kazi inayohusiana na ulemavu huo. Kazi inayokusudiwa ni tendo mahususi, kama vile kumwokotea kitu aliye kwenye kiti cha magurudumu, kumgusa kiziwi pale king'ora cha moshi kinapolia, kumwongoza asiyeona akwepe mtaro, au kumlalia miguuni kwa uzito wake wote mtu anayeanza kushikwa na kiwewe hadi pumzi zake zitulie. Kumfariji mtu kwa kuwapo tu karibu naye hakuhesabiwi, hata kama faraja hiyo ni ya kweli na daktari ameiandikia barua. Ama kuhusu nani afundishe, kanuni hizo hazidai shule wala mkufunzi wa kulipwa. Mwenye mbwa anaruhusiwa kumfundisha mbwa wake mwenyewe, na huu ndio mlango ambao wanaotafuta cheti huupita bila kuuona.

Inafaa kukitazama kwa karibu kile kinachouzwa. Mnunuzi hujaza fomu mtandaoni, huandika jina la mbwa na kupakia picha yake, hutia alama mahali panaposema kwamba mbwa amefundishwa, hulipa, kisha hupokea bahasha yenye kizibao chekundu, kadi ya plastiki, cheti chenye namba ya usajili na pengine vikaratasi vya kumkabidhi mwenye duka. Hakuna aliyemwona mbwa. Hakuna aliyeuliza kama anakojoa ndani, kama anabweka akiona watoto, au kama yu hai. Namba iliyo kwenye cheti haielekezi popote ila kwenye orodha ya wateja wa tovuti hiyohiyo, na Wizara ya Sheria imekwisha kueleza bayana kwamba hati za aina hiyo hazimpi mtu haki yoyote chini ya sheria iliyotajwa, na kwamba yenyewe haizikubali kuwa ushahidi.

Upuuzi wa biashara hii huonekana vizuri zaidi mlangoni mwa duka. Pale ambapo haidhihiriki kwamba mbwa ni msaidizi, mfanyakazi wa duka, mkahawa au hoteli anaruhusiwa maswali mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kudai hati, haruhusiwi kutaka mbwa aonyeshe ujuzi wake papo hapo, wala haruhusiwi kuuliza mteja anaumwa nini. Kadi ya plastiki, basi, ni jibu la swali ambalo sheria imelikataza. Na kinyume chake, mbwa asiyedhibitika huku mwenyewe akimtazama tu, au mbwa asiyejua kuzuia haja ndani ya jengo, anaweza kutolewa nje hata akiwa amevaa vizibao vitatu, mradi mtu mwenyewe aruhusiwe kurudi kuhudumiwa bila mbwa. Mahali ambapo mbwa ana tabia njema karatasi haihitajiki, na mahali ambapo ana tabia mbaya karatasi haimwokoi. Kanzu haimfanyi mtu shehe.

Watetezi wa vitambulisho hivi husema kwamba angalau vinapunguza ubishi mlangoni, na kwa hoja hiyo hujiona wamemaliza mjadala. Kwa kweli vinauzidisha, ila ubishi wenyewe unamwangukia mtu mwingine. Mlinzi aliyezoeshwa kuonyeshwa kadi huanza kuamini kwamba kadi ni sharti, na siku anapofika mtu aliyetumia miaka miwili kumfundisha mbwa wake, asiye na kadi kwa kuwa sheria haikumwambia awe nayo, huyo ndiye anayerudishwa. Mbaya zaidi ni mbwa wa kizibao cha kununuliwa anayemrukia mbwa wa kumwongoza asiyeona katikati ya duka, kwa kuwa mbwa mwongozaji aliyeshambuliwa anaweza kuingiwa na hofu ya mbwa wenzake kiasi cha kushindwa kuifanya tena kazi yake, na aliyekuwa akimtegemea akabaki bila macho hayo. Majimbo kadhaa yamechoka na jambo hili. Katika California, kujidai kwa ulaghai kuwa mwenye mbwa msaidizi ni kosa la jinai linaloweza kuleta faini ya hadi dola 1,000, kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili, na tangu Januari 1, 2022 wanaouza vyeti na vizibao vya wanyama wa faraja katika jimbo hilo hulazimika kumpa mnunuzi maandishi yanayomweleza kwamba alichonunua hakimpi haki za mbwa msaidizi. Ni sheria isiyo ya kawaida, inayomtaka muuzaji amwambie mteja kwamba bidhaa haifanyi kile alichoinunulia, na bado bidhaa inanunuliwa.

Kazi halisi huanza kwa kumchunguza mbwa, na hapo ndipo wenye mbwa wengi huumia, kwa sababu mbwa anayependwa sebuleni mara nyingi hafai. Mashirika yanayozalisha mbwa kwa ajili ya kazi hii, kizazi baada ya kizazi, yakiwachagua wazazi kwa afya na utulivu, bado huwaondoa wengi kabla ya kuhitimu. Mbwa aliyechaguliwa kwa sababu ya rangi ya manyoya hana sababu ya kuwa na bahati kuwashinda. Mambo mengi huamuliwa mapema. Scott na Fuller, walioitafiti tabia ya mbwa huko Bar Harbor katika jimbo la Maine na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi ya maisha yake mtoto wa mbwa hupitia kipindi cha kuzoea watu na mazingira, na kwamba aliyekosa kuzoeshwa wakati huo hubaki na woga ambao ni vigumu kuutoa baadaye. Mbwa anayetetemeka kwa mlio wa magurudumu ya toroli hapaswi kulazimishwa kuingia sokoni kila siku kwa miaka minane. Mwili nao una neno lake: nyonga za mbwa anayekusudiwa kuvuta kiti cha magurudumu au kumsaidia mtu kusimama hupigwa picha ya eksirei, na taasisi ya Marekani inayotathmini viungo vya mbwa haitoi uamuzi wa mwisho kuhusu nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24.

Mafunzo yenyewe yana pande mbili, adabu za hadharani na kazi mahususi, na ya pili ndiyo inayodharauliwa. Uchukuliwe mfano wa kuokota funguo. Mbwa kwanza hulipwa kipande cha nyama kwa kugusa kwa pua kijiti kilichoviringishiwa kitambaa, kisha kwa kukiuma, kisha kwa kukishika bila kukitafuna kwa sekunde moja, mbili, tano. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kuwa humlipa baada ya kukiachia badala ya kumlipa wakati bado amekishika, na kwa njia hiyo humfundisha kutema. Funguo zenyewe hazianzwi mapema, maana mbwa wengi huchukia chuma kinywani. Hufungwa katika ngozi au kitambaa kinachopunguzwa kidogo kidogo hadi chuma kibaki kitupu. Mbwa akishaweza sebuleni hajaweza bado. Akipelekwa jikoni huduwaa kana kwamba hajasikia amri hiyo tangu azaliwe, kwa sababu mbwa huifungamanisha amri na mahali alipojifunzia, na ni lazima afundishwe upya jikoni, barazani, kwenye maegesho ya magari na hatimaye mbele ya mizani ya nyama, hadi aelewe kwamba amri ni moja kila mahali. Linabaki suala la kuziweka funguo juu ya paja la mtu ambaye vidole vyake havikunji, ambalo nalo ni somo jingine.

Shirika la kimataifa la wenye mbwa wasaidizi, lililoanzishwa mwaka 1993, kwa muda mrefu limetaja kiwango cha chini cha saa 120 za mafunzo katika miezi sita au zaidi, zikiwamo saa 30 hadharani. Hicho ni kiwango cha chini, si lengo. Miezi 18 hadi 24 ndiyo hesabu ya kawaida kwa anayeanza na mtoto wa mbwa, na anayeanza na mbwa wa miaka sita anamfundisha ili amstaafishe.

Waliobaki na nia wana njia chache. Anayetaka kufundisha mwenyewe atafute mkufunzi anayetumia tuzo wala si vipigo, amwombe ampime mbwa kabla ya kuchukua fedha ya mafunzo, na amjaribu mbwa kwa mtihani wa adabu wa chama cha mbwa cha Marekani, wenye vipengele kumi, kabla ya kufikiria maduka. Asiyeona asijaribu kumfundisha mbwa mwongozaji peke yake. Shule zipo, na ile ya New Jersey imefanya kazi hiyo tangu 1929. Anayehitaji msaada nyumbani tu hana haja ya kumpeleka mbwa sokoni hata siku moja. Anayehitaji faraja na si kazi atazame sheria za makazi, ambazo zina mlango wake. Walioko Uingereza watakuta kwamba Sheria ya Usawa ya 2010 nayo haina sajili, na kwamba shirika la hisani la Dog A.I.D. huwasaidia wenye ulemavu wa mwili kuwafundisha mbwa wao wenyewe. Dereva wa teksi Mswahili huko Marekani, kwa upande wake, ajue kwamba mzio na woga si sababu halali za kumkataa abiria. Mshafii anayesumbuliwa na mate ya mbwa anaweza kutandika kitambaa na kuosha mara saba, lakini hawezi kumwacha abiria kando ya barabara.

Kwa ndege, mashirika yanayoruka kwenda, kutoka na ndani ya Marekani hayalazimiki tena tangu Januari 11, 2021 kuwapokea wanyama wa faraja kama wasaidizi, na yanaweza kudai fomu ya serikali kuhusu afya, tabia na mafunzo ya mbwa hadi saa 48 kabla ya safari. Kusema uongo katika fomu hiyo ni kosa la jinai. Anayetaka kumleta mbwa kutoka Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo aanze mapema zaidi, kwa kuwa nchi hizo zimo katika orodha ya Marekani ya zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na tangu Agosti 1, 2024 mbwa anayeingia lazima awe ametimiza angalau miezi sita, awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi na hati za chanjo zilizothibitishwa, masharti ambayo yanawahusu mbwa wasaidizi pia.