JUA LINA SAUTI YA REDIO



Kila siku Jua hutupa mwanga na joto. Lakini Jua hutoa kitu kingine ambacho macho hayakioni. Kitu hicho ni mawimbi ya redio.

Yaligunduliwaje?

Mwezi wa Februari 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, rada za Uingereza zilijaa kelele. Watu walidhani Wajerumani wanazivuruga. Mtaalamu James Stanley Hey alichunguza. Aliona kuwa kelele zinatoka upande wa Jua. Jua likisogea, kelele nazo zinasogea. Siku hizo Jua lilikuwa na doa kubwa jeusi.

Hewa ya Jua

Dunia imezungukwa na hewa. Jua nalo limezungukwa na gesi. Sehemu ya nje ya gesi hiyo huitwa taji la Jua. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Uso wa Jua una nyuzi 5,500 hivi. Lakini taji lina zaidi ya nyuzi milioni moja!

Kwa kawaida hatulioni taji, kwa sababu mwanga wa Jua ni mkali mno. Nawe usilikodolee macho Jua. Litakupofusha. Wataalamu hutumia antena. Mawimbi ya redio hupita hata kwenye mawingu.

Gesi ya chini ni nzito. Huzuia mawimbi marefu, lakini hupitisha mafupi. Kwa hiyo mawimbi ya urefu wa sentimeta chache hutupa habari za chini, karibu na uso wa Jua. Mawimbi ya urefu wa mita hutupa habari za juu, kwenye taji. Huko Nobeyama, nchini Japani, antena 84 zilitumika pamoja kupiga picha za Jua tangu 1992 hadi 2020. Kila antena ilikuwa kama sahani yenye upana wa sentimeta 80.

Yanatuhusu nini?

Mara nyingine Jua hulipuka. Mchana redio ya masafa mafupi yaweza kufifia ghafla, ingawa betri ni nzima. Mlipuko waweza pia kurusha gesi nyingi kuja huku. Tarehe 13 Machi 1989, dhoruba ya namna hiyo ilizima umeme katika jimbo la Quebec, Kanada. Watu milioni 6 walikaa gizani kwa saa 9 hivi.

Gesi hiyo husafiri siku moja hadi siku chache. Mawimbi ya redio hufika kwa dakika 8 tu. Hivyo mawimbi ni mjumbe anayetangulia. Anayemsikiliza hupata nafasi ya kulinda mitambo ya umeme na mawasiliano.

Maswali

1. Hey alijuaje kuwa kelele zilitoka kwenye Jua?
2. Mawimbi gani hutoka kwenye taji?
3. Kwa nini mawimbi ya redio huitwa mjumbe?