Somo la Kompyuta: Faili za Akiba za Programu ya Kuzuia Virusi

Leo tutajibu swali liwasumbualo watu wengi. Diski imejaa, na mtu ameona faili kubwa zilizobaki tangu programu ya kuzuia virusi iliposakinishwa, yaani ilipotiwa ndani ya kompyuta. Je, aweza kuzifuta pasipo hatari?

Jibu letu ni hili: tazama kwanza ni nani aliyeziweka. Faili uliyoileta wewe waweza kuifuta. Ile iliyowekwa na kompyuta au na programu yenyewe, usiifute kwa mkono wako.

Tuanze na ya kwanza. Ulipoichukua programu kutoka intaneti, faili yake ilikaa katika folda ya Downloads. Programu ikiisha kusakinishwa, kazi ya faili hiyo imekwisha. Ifute. Ukiihitaji tena, utachukua toleo jipya zaidi.

Sasa ya pili. Katika kompyuta za Windows, programu nyingi zinaposakinishwa, nakala ya maelezo yake huwekwa akiba katika folda iliyofichwa, C:\Windows\Installer. Majina ya faili hizo huishia na .msi au .msp. Tena ziko programu za kuzuia virusi zinazoweka akiba yao katika folda ya ProgramData.

Akiba hii ni ya nini? Mfikirieni fundi aliyejenga nyumba akamwachia mwenyewe ramani ya mabomba. Miaka inapita, na ramani yaonekana kama takataka. Lakini siku bomba litakapopasuka, fundi ataitaka. Vivyo hivyo Windows huzitafuta faili hizo inapotengeneza programu iliyoharibika, inapoitia toleo jipya, na inapoiondoa.

Ubaya wa kuzifuta hauonekani siku ileile. Kompyuta itawaka kama kawaida. Baadaye programu yataka toleo jipya, nayo yashindwa. Pengine huonekana kosa namba 1612, maana yake chanzo cha usakinishaji hakipatikani. Wataka kuiondoa, haiondoki. Na mara nyingi nyingine haikubali kuingia mpaka ya kwanza itoke. Umebaki na mlinzi asiyeweza kupewa silaha mpya wala kuachishwa kazi.

Wala huwezi kuazima faili hizo kwa jirani. Microsoft inaeleza kwamba faili za folda ya Installer ni za kompyuta hiyo peke yake, na zikipotea huenda ikalazimu kusakinisha Windows upya.

Basi, mwenye diski iliyojaa afanye nini? Kwanza, afungue mipangilio ya Windows, sehemu ya hifadhi, afute faili za muda. Pili, ahamishie picha na filamu zake katika diski nyingine. Tatu, kama haitaki tena programu ile, aiondoe kwa kupitia orodha ya programu. Ikikataa, makampuni mengi yatengenezayo programu hizi hutoa chombo maalumu cha kuziondolea; na kichukuliwe kwa kampuni yenyewe, si kwingineko.

Kumbukeni basi: ulicholeta, kitoe; kilichowekwa na programu, iachie programu ikitoe. Kwaherini mpaka somo lijalo.