Samaki Tele Bwawani, Jeni Haba



Kila ikitajwa habari ya kupungua kwa samaki katika maziwa yetu, jibu huja haraka: tufuge. Kufuga ni jambo jema, sina ugomvi nalo. Lakini wako wanaoongeza kwamba sato akishajaa mabwawani, hata ziwani akiisha si neno, maana mbegu tunayo. Hapo ndipo penye kasoro.

Wingi wa samaki ni jambo moja, wingi wa jeni ni jingine. Bwawa laweza kuwa na sato elfu kumi, kumbe wote ni wajukuu wa wazee wachache. Kinachohesabika ni wale wanaozaa kweli. Na sato dume ana ubabe wake: huchimba kiota, hukilinda, na huwafukuza wenzake. Tuseme bwawa lina wazazi 50, lakini wanaozalisha ni madume 2 kwa majike 48. Kanuni inasema zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa 4, kisha gawanya kwa jumla yao. Jibu ni karibu 8. Yaani hao 50 wana thamani ya wanane tu!

Sasa tazama hasara yake. Ukiwa na wazazi 50 wa thamani kamili, kila kizazi hupoteza asilimia 1 ya anuwai ya jeni. Baada ya vizazi 10 umebaki na asilimia 90 hivi. Ukiwa na 5, hupotea asilimia 10 kila kizazi, na baada ya vizazi 10 umebaki na kama 35. Kilichopotea hakirudi kwa kuwapa chakula kizuri.

Haya si ya kwenye karatasi tu. Mwaka 1939, huko Java, mzee mmoja aitwaye Moedjair aliokota perege wa Msumbiji watano mtoni na kuwafuga. Uzao wao ulisambazwa nchi nyingi za Asia, na mpaka leo Waindonesia humwita samaki huyo mujair. Thailand nako, sato wa mabwawani walianzia kwa samaki 50 tu, zawadi ya Akihito wa Japani kwa Mfalme Bhumibol mwaka 1965.

Ndiyo maana mwaka 1988, wataalamu walipoanza huko Ufilipino mradi wa GIFT wa kuboresha sato, hawakutegemea samaki wa Asia peke yao. Walirudi Afrika, wakachukua sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Walipowashindanisha, wale wa Misri na Kenya walikua vizuri kuliko wengi waliozoea bwawa. Basi hata mfugaji wa Manila alikuja kukopa kwenye maji yetu.

Na sisi benki hiyo tunaitunzaje? Ngege, mwenyeji wa Ziwa Victoria, alipungua mno baada ya sangara na sato kupandikizwa humo katika karne iliyopita. Amesalia zaidi katika viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli, Kenya. Na popote sato wa kuletwa anapotoroka bwawani, huweza kuzaana na perege wenyeji wa mtoni. Hapo samaki hawapungui hata mmoja, tena mvuvi anaweza kufurahi, lakini ukoo wa asili unayeyuka kimya kimya.

Rai yangu ni hii: tufuge, lakini vituo vya mbegu viweke kumbukumbu za wazazi na kubadilisha madume mara kwa mara; mito na viziwa vyenye perege wa asili visipandikizwe mbegu ya nje; na Kanyaboli na wenzake vihesabiwe kuwa ghala la mbegu. Ghala likiungua, shamba moja lililostawi halitoshi kulijaza tena.

Wenye ujuzi zaidi watuongezee.