Ridhaa ya nani?

Katika lugha yetu michezo imegawanywa mafungu mawili. Kuna ngumi za kulipwa na kuna ngumi za ridhaa. Kuna mchezaji anayesakata kandanda kwa mshahara, na kuna yule anayecheza kwa ridhaa, yaani hakulazimishwa wala hakununuliwa, bali amependa mwenyewe. Neno hilo nimelisoma magazetini tangu utotoni bila kulitilia shaka. Shaka ilianza Jumamosi moja nikiwa nimesimama mlangoni kwangu na baiskeli mkononi, jasho linanitiririka, na ndani ya nyumba hakuna mtu.

Mimi ni mwendesha baiskeli wa ridhaa. Nimevuka umri wa miaka arobaini, tumbo limeanza kujitokeza, na sijawahi kushinda kitu. Kila mwaka nashiriki mbio moja ya kilomita 70, ambayo mshindi hupewa kikombe na sisi wengine hupewa fulana. Mke wangu ni mkaguzi wa hesabu. Kazi yake si ya kukaa ofisini. Kila mwezi, wiki moja au zaidi, yuko Kigoma, Songea au Mtwara akipekua vitabu vya watu. Tuna watoto wawili wanaosoma. Maji ya bomba hutufikia usiku wa manane, siku mbili kwa juma, na asiyeamka kukinga atayanunua kwa ndoo. Gari la shule hupiga honi saa kumi na moja na nusu alfajiri, na halisubiri mtu atafute soksi.

Jumamosi hiyo mwenzangu alikuwa Kigoma. Nilimwomba mama jirani aniangalizie watoto kwa "saa mbili hivi", nikapanda baiskeli kutoka Kimara nikashika Barabara ya Morogoro. Nia yangu ilikuwa kugeuzia Kibaha. Pale Kibaha nikakutana na wenzangu wanne, wakasema miguu ndiyo kwanza imepata moto, twende Mlandizi. Nikaenda. Simu nilikuwa nimeiacha juu ya kabati kwa kuogopa isilowe jasho. Niliporudi zilikuwa zimepita saa nne na nusu.

Binti yetu alikuwa amepandwa na homa. Mama jirani alimbeba hadi zahanati, akamchukua na mdogo wake, kwa maana angemwachia nani? Mke wangu alikuwa amenipigia mara saba, kisha akampigia jirani. Hivyo yeye aliyekuwa Kigoma, zaidi ya kilomita elfu moja, alijua joto la mwili wa mtoto kabla yangu mimi niliyekuwa Mlandizi. Yalikuwa malaria, yalitibiwa, na juma lililofuata mtoto alirudi shule.

Mama watoto alirejea Jumatano. Hakugomba. Tulikula, watoto wakalala, ndipo akasema: "Mimi nikisafiri kuna barua. Imeandikwa naenda wapi, kwa siku ngapi, na aliyeniruhusu ametia sahihi. Safari yako ya Mlandizi, baba, ilitiwa sahihi na nani?"

Nikajitetea kwamba ule ni mchezo wa ridhaa.

"Ridhaa ya nani?" akauliza, akaanza kukusanya vyombo.

Swali hilo nimekaa nalo miezi mingi, na leo nataka tulitazame kwa hesabu, kwa sababu mkaguzi hapokei maneno matupu. Mtu wa kawaida anayetaka kumaliza kilomita 70 bila kuaibika anahitaji kufanya mazoezi kama saa saba kwa juma, kwa majuma kumi na mawili. Hizo ni saa 84. Sheria ya ajira ya nchi yetu ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, kwa hiyo mazoezi yangu ni karibu majuma mawili mazima ya kazi ya mwajiriwa. Na hapo tumehesabu saa za kukaa kwenye kiti cha baiskeli tu. Hatujaingiza saa ya kusafisha mnyororo na kuupaka mafuta. Hatujaingiza zile nguo, ambazo haziwezi kungoja siku ya kufua kwa jinsi zinavyonuka. Hatujaingiza Jumamosi mchana, baba amelala kwenye kochi mdomo wazi, na watoto wanaambiwa wasipige kelele kwa kuwa "baba amechoka". Amechoshwa na nini? Hakuna aliyemtuma.

Saa 84 haziokotwi njiani. Lazima zitoke mahali: kwenye usingizi, kwenye kazi ya mwajiri, au kwenye nyumba. Usingizi una kikomo, na mwajiri ana daftari la mahudhurio. Nyumba haina daftari, ndiyo maana sisi wa ridhaa huchukua huko, tena bila kujiona kuwa tumechukua.

Mchezaji wa kulipwa hana mashaka haya, maana saa zake zimenunuliwa. Septemba 2025, jirani zetu wa Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mbio kuu za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 katika milima ile, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Wengi tulitazama miguu yao. Mimi nilitazama magari yaliyowafuata: fundi yumo, baiskeli za akiba zimepangwa juu, kuna wa kumpa chakula, na jioni kuna wa kumkanda misuli. Zamani hawa wa kulipwa walitengwa kabisa na wa ridhaa. Mashindano ya dunia yalikuwa na mbio za ridhaa peke yake hadi mwaka 1995, na mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Atlanta, waendeshaji wa kulipwa wakaruhusiwa barabarani kwa mara ya kwanza. Siku hizi tofauti kubwa ni lile gari la nyuma. Mtu wa ridhaa naye analo, ila halina maandishi ubavuni: ni mke, mume, bibi, dada wa kazi au mama jirani.

Sikusudii kumtisha mume yeyote, lakini Mahakama yetu ya Rufani ilikwisha kukubali mwaka 1983, katika kesi ya mgawanyo wa mali ya wanandoa, kwamba kazi za nyumbani ni mchango unaohesabika. Na ile Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya pande mbili, iliyotolewa kwa hiari. Mimi kwenye baiskeli nilikuwa nimehesabu ridhaa ya upande mmoja.

Mwenzangu alikuwa amekwisha kuliona jambo hili mahali pengine kabla hata sijanunua baiskeli. Machi 2017 alikuwa Cape Town kikazi, kukiwa na zile mbio ambazo wengi walizizoea kwa jina la Argus. Mbio hizo zilianza mwaka 1978 zikiwa na waendeshaji mia tano na kitu, zikakua hadi makumi ya maelfu, na njia yake ya kilomita 109 inaizunguka rasi yote kando ya bahari. Mwaka huo zilifutwa asubuhi ileile ya mbio kwa sababu ya upepo. Watu waliojiandaa mwaka mzima walionekana wakiwa wameikumbatia baiskeli isipeperushwe, wengine wamelala juu yake. Lakini alichokizungumzia mama watoto aliporudi kilikuwa ukumbi wa hoteli. Kwa kila aliyevaa kofia ya baiskeli, anasema, palikuwa na mmoja au wawili waliobeba mabegi na kubembeleza watoto. Na hao ndio walioshika simu kubadilisha tiketi za ndege. Wale wenye kofia walikuwa wameketi wanatazama dirishani.

Upepo ule ulikuwa wa kupita kiasi, lakini hata siku tulivu adui wa mwendesha baiskeli ni upepo anaoutengeneza mwenyewe kwa kwenda mbele. Ukiongeza mwendo mara mbili, hewa haikuzuii mara mbili, bali mara nne. Mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa mahali tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zake inaishia kusukuma hewa. Ndiyo sababu waendeshaji hukaa kwa msururu, gurudumu la mbele la huyu likiwa karibu kugusa la nyuma la mwenzake. Aliye mbele anapasua hewa, aliye nyuma anapita kwenye upenyo, na anaweza kuokoa robo ya nguvu zake au zaidi. Kwa kuwa hakuna anayeweza kukaa mbele siku nzima, hupokezana: dakika moja au mbili, kisha unajisogeza pembeni, wenzako wanakupita, unashika mkia. Watu kumi wanaopokezana kwa haki watamwacha mbali mtu mmoja mwenye nguvu kuliko wote.

Najua msikilizaji sasa anangoja niseme kwamba ndoa nayo ni hivyo hivyo. Sisemi. Kwenye msururu, asiyekwenda mbele anaonekana na kila mtu, na atazomewa kabla ya kilomita ya kumi. Nyumbani mtu anaweza kukaa nyuma miaka kumi akiamini yeye ndiye anayepasua hewa.

Tulichofanya sisi ni kutafuta saa ambazo si za mtu. Tukazipata kwenye foleni. Kutoka Kimara hadi Posta ni kama kilomita kumi na saba, na kwa gari asubuhi nilikuwa nikipoteza saa moja na nusu, wakati mwingine mbili. Kwa baiskeli ni chini ya saa moja, pamoja na kuwapisha wa bodaboda ambao hawampishi mtu. Siku nne kwa juma, kwenda na kurudi, karibu saa zote saba zimepatikana, tena nafika nyumbani mapema kuliko zamani. Mke wangu aliikagua hesabu hiyo mara mbili, hakuona kasoro, isipokuwa suala la malori, ambalo aliliandikia hoja: kofia, taa nyekundu nyuma, na kutopita gizani. Safari ndefu ya juma imebaki moja, Jumapili alfajiri, na Jumamosi mchana ni zamu yake kwenda kwaya au kulala akitaka, mdomo wazi. Akiwa safarini hakuna Mlandizi. Simu naibeba kwenye mfuko wa nailoni.

Mbio za mwaka huu zilikuwa za mizunguko saba, kila mmoja kilomita kumi, na kwa mara ya kwanza familia ilikuja kutazama. Nilikuwa kwenye kundi la watu tisa. Hadi mzunguko wa tano mambo yalikwenda vizuri. Kisha miguu ikaisha ghafla, kama taa umeme unapokatika. Wataalamu wanaeleza kwamba sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini hutosha kazi ngumu ya saa moja na nusu hivi, pengine mbili. Baada ya hapo, usipokuwa umekula njiani, mwili hugoma. Ndizi zangu mbili zilikuwa nyumbani, mezani. Nilijikokota, nikafika baada ya saa mbili na dakika hamsini na mbili.

Binti yangu akauliza kama nimekuwa wa kwanza. Mama yake alikuwa na karatasi mkononi. "Kila mlipopita hapa niliandika," akasema. "Wewe ulikuwa mbele mara tatu. Yule mwenye fulana ya njano hakwenda mbele hata mara moja." Nikamwambia kwamba huyo wa njano ndiye aliyetushinda wote kwenye kundi letu. Akaitazama karatasi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba pamoja na zile ndizi, ambazo alikuwa ameziona na kunichukulia, ila hakupata mahali pa kunirushia.

Tarehe ya mbio za mwakani imekwisha kutangazwa. Inaangukia katikati ya wiki ambayo yeye atakuwa Songea, na barua yake ina sahihi tayari. Kwenye kalenda ya jikoni ameizungushia kalamu nyekundu, pembeni ameweka alama ya kuuliza. Iliyobaki ni bibi yao, aliyeko Morogoro, kama atakubali kuja kukaa na wajukuu siku tatu. Hatujamuuliza bado.