Katalogi ya nakala ikichelewa, kaunta nayo husimama

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ya wenye maduka inafaa kwa kompyuta kama ilivyofaa kwa leja za karatasi, na wafanyabiashara wengi huikumbuka siku seva ya mauzo inapokufa. Nakala za akiba zipo salama, lakini daftari linaloonyesha kipi kimo wapi limekufa pamoja na seva. Daftari hilo mafundi huliita katalogi.

Hapo hutolewa amri ya kuijenga katalogi upya. Siku ya kwanza inapita, ya pili inapita, na kaunta haiwezi kutoa ankara. Wateja wanahamia duka la jirani. Fundi anashauri inunuliwe mashine mpya. Kabla ya kutoa fedha, inafaa mwenye mali ajue ucheleweshaji huo unatoka wapi.

Chukua mfano wa ghala lililopoteza leja. Mtunza ghala hana njia ila kuyaendea maboksi yote, asome lebo, arudi mezani aandike. Kazi hiyo haipimwi kwa uzito wa mzigo peke yake, bali pia kwa idadi ya safari. Ndivyo ilivyo pale nakala zinapokaa kwenye sanduku la diski lililounganishwa na mtandao wa ofisi, maarufu kwa jina la NAS. Kila faili linalofunguliwa ni safari ya kwenda na kurudi.

Hesabu ni hii. Safari 1,000,000 za milisekunde 1 kila moja huchukua kama dakika 17. Safari hizo hizo zikichukua milisekunde 20, kazi inafika saa tano na nusu. Mzigo haukuongezeka hata kidogo.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni rahisi. Nakili faili moja kubwa, la gigabaiti 10 hivi, kutoka kwenye sanduku hilo hadi kwenye kompyuta, ukitazama kasi. Mtandao wa gigabiti 1 ukiwa mzima, na diski zikiwa nzima, utaona takriban megabaiti 110 kwa sekunde. Ukiona 11 tu, huenda mtandao umeshuka hadi megabiti 100. Mara nyingi chanzo ni waya: kasi ya gigabiti huhitaji nyuzi zote 8 zilizo ndani yake, na uzi mmoja ukikatika vifaa hushuka kimya kimya bila kutoa onyo. Programu ikilazimika kusoma terabaiti 2, tofauti ya kasi hizo mbili ni saa 5 dhidi ya saa 50. Badili waya kwanza. Bei yake haifanani kabisa na ile ya seva.

Faili kubwa likienda kasi na katalogi ikaendelea kusuasua, tatizo ni safari. Dawa yake ni kuwasogeza wanaofanya kazi karibu. Kompyuta inayojenga katalogi ifungwe kwa waya kwenye swichi moja na sanduku la nakala, isitumie mtandao wa hewani wala kupitia tawi jingine. Katalogi yenyewe iandikwe kwenye diski ya SSD iliyo ndani ya kompyuta hiyo, isiandikwe kwenye sanduku la mtandao. Aidha, mwulize fundi kama programu ya kuzuia virusi inakagua kila furushi linapofunguliwa. Folda hiyo moja inaweza kuondolewa kwenye ukaguzi hadi kazi iishe, kisha ikarudishwa.

Jambo la tatu ni diski. Sanduku lenye diski inayokufa, au linalojaza diski mpya iliyochukua nafasi ya mbovu, hugawa nguvu zake mara mbili. Angalia taa na taarifa zake. Mnunuzi naye asome aina ya diski: Aprili 2020 kampuni ya Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zilizouzwa kwa ajili ya masanduku ya namna hii, zilitumia SMR, yaani njia ya kupandanisha mistari ya kumbukumbu kama vigae vya paa. Diski hizo husoma vizuri lakini hulemewa zikiandikiwa vipande vidogo vidogo kwa muda mrefu.

Programu nazo zina tabia zake. Duplicati, kwa mfano, inapojenga upya husoma kwanza mafaili ya orodha, kisha ya faharasa. Faharasa zikikosekana au zikiharibika, hulazimika kuvuta mafurushi ya data yenyewe, na hapo dakika hugeuka siku. Kazi ikifika hatua hiyo, usiizime na kuianza upya kwa hasira. Soma kwanza taarifa zake ujue kama bado inasonga.

Hata hivyo, faida iko katika kujiandaa. Nakili katalogi kila siku na uiweke mbali na seva. Kila baada ya miezi mitatu, rejesha faili kadhaa ukitumia kompyuta nyingine, na uandike saa zilizotumika. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka 5, na nakala isiyoweza kufunguliwa haitamsaidia mbele ya mkaguzi.

Mwekezaji mdogo anayefikiria kutia fedha katika kampuni asiridhike na jibu kwamba nakala zipo. Aulize zilirejeshwa lini mara ya mwisho, na kwa saa ngapi. Asiyejua saa hizo hajui pia atapoteza mauzo ya siku ngapi.