Funzo la Timu ya Visiwa

Timu yoyote inayovuka bahari kwenda kucheza ugenini huchukua pamoja nayo jina la watu waliobaki nyumbani. Sisi wa visiwani tunalijua jambo hili vema, kwani mara nyingi mgeni hana habari zetu nyingine ila zile anazopelekewa na vijana wetu uwanjani. Kwa hiyo tumeona inafaa leo kuwakumbusha wasomaji wetu, na hasa wakuu wanaohusika na michezo, ziara moja ya kriketi ambayo, ijapokuwa ilifanyika zamani na mbali na pwani yetu, mafunzo yake hayajachakaa. Ni ziara ya timu ya West Indies katika Australia, mwaka 1960 na 1961.

West Indies si nchi moja. Ni visiwa vya Bahari ya Karibi, kama Jamaica, Barbados na Trinidad, pamoja na Guyana, ambayo iko katika bara la Amerika ya Kusini na wakati ule ikiitwa British Guiana. Wengi wa watu wake ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na wengine asili yao ni Bara Hindi. Timu hiyo ilianza kucheza mechi kubwa za kimataifa mwaka 1928. Wachezaji wake hodari wengi walikuwa weusi, lakini unahodha ulikuwa kama urithi wa watu weupe na jamaa wa tabaka la juu. George Headley, mtu mweusi aliyesifika duniani kote kwa kupiga mpira, aliongoza mechi moja tu, mwaka 1948.

Mwaka 1960 C.L.R. James, aliyekuwa mhariri wa gazeti la The Nation huko Trinidad, alishika kalamu na kudai waziwazi kwamba Frank Worrell wa Barbados apewe timu, kwa kuwa ndiye aliyestahili. Wakuu wa kriketi wakakubali. Worrell akawa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza timu hiyo katika mfululizo mzima wa mechi. Tunapenda pia kumtaja Gerry Alexander wa Jamaica, nahodha aliyemtangulia. Hakususia safari. Alikwenda kama mlinda wiketi chini ya Worrell, na mwisho wa mfululizo akawa na wastani wa mikimbio mkubwa kuliko mwenzake yeyote.

Mechi ya kwanza ilichezwa Brisbane, Desemba 1960. Siku ya tano, ikibaki zamu moja ya kurusha mipira minane, Australia ilihitaji mikimbio 6 tu kushinda, na ilikuwa na wiketi 3 mkononi. Wes Hall akarusha. Wiketi zote tatu zikaanguka, na ya mwisho ilianguka kwa mpira wa saba, Joe Solomon wa Guyana alipookota mpira pembeni na kuulenga moja kwa moja kwenye mti wa wiketi. Hesabu ilipofanywa, kila timu ilikuwa na mikimbio 737. Tangu mechi za namna hiyo zianze mwaka 1877, jambo hilo halikuwa limetokea hata mara moja.

Mechi nne zilizofuata hazikupungua utamu. Australia ilishinda Melbourne, West Indies ikashinda Sydney, na mechi ya Adelaide haikupata mshindi, kwa sababu wapigaji wawili wa mwisho wa Australia waligoma kutoka kwa zaidi ya saa moja na nusu. Mechi ya tano, Melbourne tena, ilihudhuriwa siku moja na watazamaji zaidi ya 90,000. Australia ilishinda kwa wiketi 2, na ikapata ushindi wa mfululizo kwa mechi mbili dhidi ya moja.

Basi timu ya visiwa ilishindwa. Lakini siku ya kuagana, wachezaji walipopitishwa mitaani Melbourne katika magari ya wazi, maelfu kwa maelfu ya watu walijipanga kando ya barabara kuwashangilia. Tukumbuke kwamba wakati ule siasa ya serikali ya Australia ilikuwa bado kuwazuia watu wasio weupe kuhamia nchini humo. Watu ambao wasingeruhusiwa kujenga nyumba katika mji ule waliagwa na mji ule kama ndugu. Hayo yaliletwa na uchezaji wa ushujaa, adabu ya kukubali uamuzi wa refa, na nahodha aliyejua kuwaunganisha vijana wa visiwa mbalimbali.

Wanasiasa wa visiwa hivyo nao walijaribu kuungana. Shirikisho lao la maeneo kumi liliundwa mwaka 1958, likavunjika mwaka 1962 baada ya Jamaica kupiga kura ya kujitoa. Guyana haikuingia kamwe katika Shirikisho hilo. Timu ya kriketi, hata hivyo, haikuvunjika, na mpaka leo visiwa hivyo pamoja na Guyana hucheza chini ya jina moja.

Wakuu wetu wa michezo hawana budi kulizingatia jambo hili kila wanapoteua timu ya kwenda nje. Nahodha achaguliwe kwa uwezo wake na heshima aliyo nayo mbele ya wenzake. Mchezaji asiulizwe kama ni wa Unguja au wa Pemba, wala ni mtoto wa nani. Nafasi katika msafara zianze kujazwa na wachezaji kabla ya wasindikizaji. Na aliyeondolewa katika uongozi amwige Alexander.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Panapokosewa tuseme kwa hoja, kama alivyosema mhariri yule wa Trinidad, na timu ikishaondoka tuwe nyuma yake. Ikirudi bila kikombe, tuulize kwanza imetuachia jina gani huko ilikotoka.